Michango ya Njegere

Mjomba wangu aliendesha treni za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mpaka alipostaafu, na hadi leo hapandi basi bila kumuuliza dereva jana alilala saa ngapi. Mwezi wa saba alikuja Uingereza kwenye mahafali ya bintiye. Kabla hajarudi Mbeya alitaka kuona vitu viwili tu: stesheni ya treni ya Paddington, London, na baa wanayokunywa Waingereza wa kawaida.

“Sitaki hoteli,” alisema. “Nipelekeni pale anapokunywa mtu wa mshahara mdogo.”

Hapo alikuwa amefika penyewe. Mimi naishi Reading, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na mtu wa mshahara mdogo ndiye mimi.

Baa anazozitaka zipo karibu kila mji wa nchi hii, na nyingi ni za makampuni yenye matawi kila kona. Wananunua jengo lililomshinda mwenyewe, sinema iliyokufa, benki iliyofungwa, posta ya zamani, hata kanisa lililoishiwa waumini, wanatandika zulia lenye maua ya kuumiza macho, kisha wanauza bia kwa bei inayowafanya majirani wanune. Zinafunguliwa asubuhi. Saa tatu asubuhi utamkuta babu ana sahani ya mayai, gazeti, na bia pembeni, na hakuna anayemshangaa. Jina la hiyo tuliyokwenda sitalitaja, maana bado naihitaji.

Tulitoka watu watatu: mimi, mjomba, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mume wangu alikuwa zamu ya usiku. Mhitimu mwenyewe alikuwa na wenzake wa chuo na alituomba kwa adabu sana tusimfuate.

Njiani tulipita bustani ya Forbury, ambapo kuna sanamu ya simba mkubwa wa chuma, ukumbusho wa askari wa jeshi la hapa waliokufa Maiwand, Afghanistan, mwaka 1880. Mjomba, ambaye simba amewaona kwa macho yake relini, pale treni ilipokuwa ikikatiza pori la Selous, alimzunguka yule wa chuma mikono nyuma, akiangalia miguu.

“Huyu amenenepeshwa,” alisema, tukaendelea.

Baa yenyewe ilikuwa sinema zamani. Dari liko juu huko, taa kubwakubwa, muziki hakuna. Kitu cha kwanza kilichomtisha mjomba ni kile kimya. Watu wamejaa na bado unasikia mtu akimeza mate. Tukapata meza namba 42, karibu na nguzo, na pembeni yetu kuna mzee mmoja wa Kiingereza amekaa peke yake na fumbo la maneno la gazetini.

Mjomba akakaa, akavua kofia, akasubiri mhudumu. Mhudumu hakuja. Akapiga makofi mawili ya kistaarabu. Baa nzima ikageuka. Akajaribu ile “pssst” yetu. Mzee wa fumbo akainua macho, akadhani anaitwa, akasema habari za jioni.

“Mjomba, huku mtu anakwenda mwenyewe kaunta,” nikamnong’oneza.

“Sasa wale waliovaa aproni kazi yao nini?”

“Wanaleta chakula. Bia unaifuata.”

Akatikisa kichwa, akanifuata kaunta akaone. Pale napo hakuna mstari. Watu wamejipanga mbele ya kaunta kwa upana, kila mmoja kimoyomoyo anajua nani alimtangulia, na ukiruka zamu hawakwambii kitu. Wanakuangalia tu, na hayo macho utakwenda nayo nyumbani. Mjomba aliuelewa utaratibu huo haraka kuliko mimi nilivyouelewa nilipofika. Alisema ni sawa na treni mbili kwenye njia moja: mwenye ruhusa anapita, asiye na ruhusa anasubiri kwenye njia ya kupishana.

Wasiwasi wangu mkubwa ulikuwa bia. Nchi hii wana bia wanayoiweka kwenye mapipa chini ya sakafu, kwenye nyuzijoto 11 hadi 13 hivi, na kuivuta juu kwa pampu ya mkono. Gesi kidogo, barafu hakuna. Mtanzania akiionja mara ya kwanza huuliza friji imeharibika lini. Nikataka kumchukulia nyingine, ya chupa, iliyotoka kwenye barafu. Wapi! Mjomba ni mtu wa Mbeya, baridi ameiacha nyumbani, na maisha yake yote ukimuuliza “ya moto au ya baridi” jibu ni moja. Familia nzima tunamcheka kwa hilo. Akaionja ile ya pampu, akafumba macho.

“Kumbe,” alisema. “Kumbe hawa ndio waliotufundisha, halafu nyie mkaharibu.”

Tatizo likawa jingine kabisa: hakuna kizibo. Nyumbani bia inafunguliwa mbele ya mnywaji, na anayekuletea chupa iliyokwisha funguliwa ana lake jambo.

“Hii nani ameifungua?”

“Imetoka bombani, mjomba.”

“Na huyo wa bombani nani anamfahamu?”

Nikainywa mimi kwanza, robo nzima, ndipo akaichukua. Yeye ni mzee wa kanisa la Moravian, na kuhusu kunywa huwa ananukuu ule ushauri wa Paulo kwa Timotheo juu ya mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Painti ya huku ni mililita 568. Nikamkumbusha kwamba Paulo alisema kidogo. Akasema Paulo hakutaja kipimo.

Tukaagiza samaki na chipsi. Mjomba akaweka mikono mezani, viganja juu, akasubiri jagi na beseni.

“Tutanawa wapi?”

Kwenye hizi baa zilizokuwa sinema, choo ni safari. Unapanda ngazi, unapita mlango, unashuka kidogo, unapanda tena, unakutana na picha za wacheza sinema waliokufa zamani, halafu korido. Kuna watu wazima wanaokwenda huko na wakirudi wanakuta bia zao zimeshaondolewa mezani. Mjomba akauliza umbali, nikamwambia, akavaa kofia yake na kuondoka.

Ni katika muda huo ndipo shemeji alipofanya aliyoyafanya.

Hizi baa zina programu ya simu. Unachagua mji, unachagua baa, unaandika namba ya meza, unalipa kwa kadi, na chakula kinaletwa. Programu haijali wewe mwenyewe uko wapi. Unaweza kuwa kitandani kwako Glasgow ukamwagizia supu mtu aliyekaa Reading, nayo supu itafika ikiwa ya moto. Vijana wa Kiingereza wamegeuza jambo hili kuwa mchezo: mtu anatangaza namba ya meza yake mtandaoni, watu asiowajua wanamtumia vitu vya ajabuajabu, hasa maziwa na njegere. Shemeji aliupenda mchezo huo tangu alipousikia, alikuwa anatafuta tu mahali pa kuuchezea.

Akalifungua lile kundi letu la WhatsApp. Wenye ndugu Ulaya mnalijua kundi la namna hiyo: kazi yake misiba, harusi na vipaimara, na ndani yake wamo Watanzania wa Slough, Leicester, Milton Keynes, Manchester na kwingine. Shemeji akaandika: “Wadau, mjomba wake shem yupo nasi, mgeni kutoka nyumbani. Reading, meza 42. Mkaribisheni mzee kwa chochote mlichojaaliwa.”

Naomba mnielewe. Hili ni kundi ambalo mchango wa harusi unachukua wiki na wiki. Mweka hazina anakumbusha, anaomba, ananukuu Biblia na Kurani, anatishia kujiuzulu, na bado kuna watu wanaosoma ujumbe na kukaa kimya mpaka bibi harusi anapata mtoto wa kwanza. Usiku ule hakuna aliyekumbushwa.

Akaja binti wa aproni. “Meza arobaini na mbili? Njegere.” Akaweka bakuli.

Nikasema hatukuagiza. Akaangalia karatasi, akasema zimelipiwa, akaondoka. Kabla sijamgeukia shemeji, akaja kijana mwingine na bakuli jingine. Njegere. Nyuma yake glasi ya maziwa. Halafu tosti moja, kavu, peke yake kwenye sahani kubwa. Maharage ya kopo. Njegere. Maziwa. Chakula cha mtoto chenye penseli za rangi na karatasi ya kuchorea. Ukimpa Mtanzania nafasi ya kuchangia kwa hiari, atatafuta kitu cha bei ya chini kabisa kwenye orodha, na kwenye orodha ile njegere ziko karibu na mwisho.

Shemeji alikuwa amelalia nguzo, machozi yanamtoka, simu inatetemeka mkononi.

Ndipo mjomba aliporudi, mikono safi ameinyoosha mbele asiguse kitu. Akasimama. Akaitazama meza. Samaki wetu alikuwa bado hajaja, lakini pa kumweka hapakuwepo tena.

“Nani ameleta?”

“Mjomba, ni utani tu, shemeji ame—”

“Nimeuliza nani ameleta.”

“Watu,” nikasema. “Wametuma watu.”

Akakaa taratibu. Akavua kofia mara ya pili. “Na sisi tunakaa kule tunawasema Waingereza wabahili,” alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. “Mgeni amekwenda kunawa tu.”

Nikajaribu kumweleza habari ya programu. Nikamwonyesha kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: mtu yuko Manchester, hajawahi kumwona, hamjui kwa sura wala kwa ukoo, ampelekee maziwa kwa sababu gani? Haiwezekani. Bali waliopo humu ndani wamemwona ni mgeni, mtu mzima, mwenye mvi. Hilo linaelezeka.

“Tuombe,” akasema.

Tukaomba. Tulipofumbua macho kulikuwa na bakuli jipya la njegere. Mjomba akalitazama, akatutazama, na kwa kuwa chakula hicho hakikuwepo wakati wa sala, tukaomba tena. Jambo hilo liliendelea kwa muda. Yule binti wa aproni mwishoni akawa anakuja, akikuta tumeinamisha vichwa anasimama pembeni na bakuli lake, naye ameinamisha kichwa.

Samaki alifika. Mjomba akaulizia kichwa cha samaki kiko wapi, akaambiwa hawaleti, akasema sawa, hakuna taifa lililokamilika.

Sasa, yule mzee wa fumbo la maneno alikuwa amekwisha kuacha fumbo. Ni nani angeendelea? Bakuli la sita au la saba lilipotua, macho yake na ya mjomba yakakutana, na mzee wa watu, kwa adabu ya kukosa la kufanya, akainua glasi yake.

“Ndiye huyu,” mjomba akasema.

“Mjomba, siye.”

“Mama, mtoaji halisi hajitangazi.” Mimi ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na akiniita hivyo siwezi kubishana naye. Akabeba bakuli moja la njegere na sahani ya chipsi, akahamia meza ya pili. Akamshika mzee wa Kiingereza mkono. Akaendelea kuushika. Huku salamu ya mkono ni kugusa na kuachia, sisi mkono unakaa mpaka habari za nyumbani ziishe, na mjomba alikuwa na habari za ukoo mzima. Mzee akauangalia mkono wake, akaniangalia mimi, kisha akaonekana ameamua kuusamehe.

Kiingereza cha mjomba ni cha redio ya treni. Kifupi, kikavu, na kila akimaliza sentensi ananyamaza mpaka wa upande wa pili amrudishie ilivyo.

“Mimi dereva. Treni. Mbeya,” akasema, akasubiri.

“Dereva. Treni. Mbeya,” mzee akarudia, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

Mjomba akafurahi mno. Alikuwa amepata mtu aliyefunzwa.

Na hapo ndipo bahati ilipoingilia. Ukiwakuta wazee kumi wa Kiingereza, mmoja wao anapenda treni kuliko anavyopenda watoto wake, na Reading ni mji wa reli: njia ya mhandisi Brunel kutoka London ilifika hapa mwaka 1840. Mzee aliposikia TAZARA akasukuma gazeti kando. Akauliza upana wa reli. Mjomba akasema milimita 1,067. Mzee akauliza inakuwaje inapokutana na reli ya zamani ya Tanzania, ya mita moja. Mjomba akachukua chipsi mbili ndefu, akazilaza sambamba mezani, akapanga njegere katikati zikawa mataruma. Pembeni yake akalaza chipsi nyingine mbili zilizokaribiana kidogo zaidi, na kwenye mpaka akaweka tosti. Ile tosti ilikuwa Kidatu, mahali mizigo inapohamishwa kutoka behewa la reli moja kwenda la reli nyingine.

“Kidatu,” mjomba akasema.

“Kidatu,” mzee akarudia, akiitazama tosti kwa heshima.

Kisha yeye naye akaomba chipsi. Akajenga reli ya Brunel, mita mbili na ushei kati ya chuma na chuma, pana kuliko zote, ambayo wenzake walikataa kuifuata mpaka ikang’olewa kabisa mwaka 1892. Kwa upana ule njegere mbili kwa kila taruma hazikutosha, zikatakiwa nne. Wakaja kuchukua bakuli jingine mezani kwetu. Wakachukua na jingine. Daraja la mto Mpanga lilijengwa kwa glasi tatu za maziwa, na mjomba akaeleza nguzo zake zina urefu wa mita 50, na mzee akarudia, mita 50. Mjomba akamwambia sasa Dar es Salaam mpaka Dodoma treni inakwenda kwa umeme. Mzee akanywa kidogo, akasema njia yao kuu hii hapa ya kwenda Bristol, umeme haukufikishwa stesheni kuu. Serikali iliahirisha mwaka 2016. Mjomba akamshika bega. Nilimsikia akimfariji, kwamba hata kwetu mambo mengi yalichelewa.

Meneja akaja. Dada mmoja mwenye redio kiunoni, sura ya mtu aliyekwisha ona mengi. Akaniambia, taratibu, kwamba njegere jikoni zimekwisha, na kwamba kuna maagizo mengine ya njegere bado yanaingia, na je, hii ni sherehe? Mjomba akajibu kabla yangu. Akasema ndiyo, kisha akasimama na kugonga glasi kwa uma.

Nawaambia kile kimya cha mwanzo kilikuwa kelele. Watu walishusha glasi. Nadhani wengi walijua wanatangaziwa msiba.

Mjomba alishukuru. Alishukuru kwa niaba yake, ya mke wake, ya mahafali ya binti, ya usharika wake wa Mbeya, na ya wafanyakazi wa reli waliotangulia mbele za haki. Akasema maziwa yamepokelewa. Akasema njegere zimepokelewa, na zaidi ya hapo asipewe. Akainama. Hakuna aliyejua kilichokuwa kinaendelea. Halafu huko nyuma, kwenye meza ya vijana waliokuwa na siku ya kuzaliwa ya mwenzao, mmoja akapiga makofi, na wenzake wakalipuka kwa shangwe, na baa nzima ikafuata, mradi tu na wao waonekane wamo.

Dakika chache baadaye likaja jagi kubwa la kinywaji cha buluu, mirija imesimama ndani. Nikamgeukia shemeji nimrarue. Akaapa hawamo, kundi lote limekwisha kuambiwa waache. Yule binti akanyoosha kidole nyuma: ni wale vijana. Wameona namba ya meza.

Mjomba akaniangalia tu. Hakusema neno.

Lile jagi lina pombe, na si kidogo, lakini linanukia pipi na rangi yake haifanani na dhambi yoyote inayojulikana Mbeya. Yeye na mzee mwenzake wakalimaliza kwa mirija, vichwa vimekaribiana juu ya ramani ya reli, na nilipofika kuzuia walikuwa wanavuta hewa.

Saa tatu na nusu usiku, ambayo Mbeya ni saa tano na nusu, mke wake akapiga simu ya video kuuliza kama amekula. Mjomba akacheka ili aonekane mzima. Ulimi ulikuwa buluu. Meno buluu. Pembeni yake akatokea mzee wa Kizungu asiyejulikana, naye buluu vilevile, akasema “Kidatu” kwa furaha.

Simu ilikatwa na upande wa pili. Kabla hatujafika nyumbani, familia ya Mbeya, Iringa na Dar ilikuwa macho, kuna shangazi alikuwa ameanza kufunga, na mama yangu alinitumia ujumbe wa sauti ambao mpaka leo sijaumaliza. Binti wa mjomba alipiga kuuliza kwa nini nyumbani wanamwambia baba yake amelishwa kitu na Wazungu. Shemeji tulimkabidhi njegere zilizobaki kwenye kontena langu la kazini, azimalize peke yake.

Asubuhi mjomba akaamka na kichwa kizito, akaomba chai ya rangi na aonyeshwe hilo kundi. Mweka hazina, mama mmoja wa Slough asiyekubali chochote kipite bila hesabu, alikuwa amekwisha bandika orodha: majina, kiasi, na safu mbili kama kawaida yetu, taslimu na ahadi. Njegere bakuli moja, taslimu. Maziwa mawili, taslimu. Mjomba akaomba kalamu akanakili yote kwenye daftari lake, kwa sababu watu hawa nao wana wazazi, na siku yao ikifika lazima mtu arudishe. Alikuwa anakwenda na kidole mstari kwa mstari. Karibu na mwisho kidole kikasimama.

“Huyu wa Luton,” akasema, akinitazama juu ya miwani. “Ameahidi chakula cha mtoto cha pili. Mbona sikukiona?”